Mzee Aliyeokota Mawe Barabarani

  Madereva mnaotusikiliza ndani ya kebini za malori, kutoka bandari ya Kilindini hadi mpaka wa Malaba, mazungumzo ya leo yanawahusu ninyi, ingawa nitamzungumzia mtu mmoja tu.

Juzi tumemzika mzee mmoja wa Ruiru, dereva mstaafu. Jina lake sitalitaja, maana alipokuwa hai hakupenda kutajwa. Mtaani Kihunguro watoto walimwita Guka, yaani babu, watu wazima tukafuata watoto, na mwishowe hata wazee wa kanisa wakamwita hivyo hivyo. Nami nitamwita Guka.

Siku ya mazishi kila aliyepewa kipaza sauti alisema kwamba marehemu alikuwa na moyo mzuri. Ni kweli tupu. Lakini maneno hayo tunayasema juu ya kila jeneza, hata yamekuwa hayamwelezi mtu. Leo nataka kueleza moyo wa Guka ulikuwa mzuri kwa namna gani. Ninavyoamini mimi, wema wake haukungoja kazi iishe ndipo uonekane. Ulikuwa ndani ya kazi yenyewe, katika jinsi alivyoendesha lori.

Nitaanza na mawe. Kila mtu aliyewahi kusafiri nchini mwetu ameyaona. Lori likizimika mlimani, utingo huruka chini na jiwe kubwa, akalisukumiza nyuma ya gurudumu ili gari lisirudi kinyumenyume. Kisha hukata matawi kando ya barabara na kuyatandaza nyuma ya gari, mbali kidogo, ili wanaokuja wajue kuna hatari mbele. Fundi akifika na gari likiwaka, watu huwa wamechoka, tajiri anapiga simu, giza limeingia. Lori linaondoka. Mawe yanabaki pale pale, katikati ya lami. Saa mbili baadaye anapita kijana wa bodaboda na abiria wake, taa yake hafifu. Mengine mnayajua.

Guka hakuacha jiwe barabarani. Utingo waliofanya kazi naye wanasimulia kwamba lori lilipowaka alikuwa anaweka breki, anashuka mwenyewe, na haondoki mpaka jiwe la mwisho limeingia mtaroni. Tabia hiyo alistaafu nayo. Asubuhi alitembea kando ya barabara, akitazama chini. Siku moja niliandamana naye. Tulikuta jiwe jeusi kwa oili, ukubwa wa kichwa cha ng'ombe, limelala pembeni mwa lami. Alilitazama kwanza kama fundi anavyotazama injini. Akasema, "Huyu alikuwa na mzigo mzito. Angalia jiwe lilivyosagika upande mmoja." Akalisukuma kwa mguu taratibu, kwa sababu mgongo ulikuwa unamsumbua, hadi likaanguka mtaroni. Nikadhani tumemaliza. Yeye akarudi nyuma hatua kadhaa, akaanza kuokota matawi yaliyokwisha kunyauka.

Nikamuuliza, "Guka, matawi yana shida gani? Hayawezi kumwangusha mtu."

Akanijibu, "Tawi lisilo na gari ni uongo. Dereva akidanganywa leo na kesho, siku atakayokuta matawi na gari lipo kweli, hatapunguza mwendo."

Wasikilizaji, jibu lile lilinifunza jinsi mzee yule alivyokuwa akifikiri. Alimfikiria mtu asiyemjua, atakayepita saa asiyoijua. Barabara nzima kwake ilikuwa ni watu wanaoaminiana bila kuonana, na alijua uaminifu huo huharibika kwa vitu vidogo, hata kwa tawi kavu.

Alizaliwa upande wa Gatanga kabla ya vita vya Mau Mau, na utoto wake ukapita katika vijiji vya Hali ya Hatari, ambako familia nyingi za Wakikuyu zilikusanywa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950. Uhuru ulipofika alikuwa kijana, na kama vijana wengi wa huko alishuka Thika kutafuta kazi. Reli ilikuwa imefika Thika tangu mwaka 1913. Karibu na mji kulikuwa na mkonge, kahawa na mananasi, na viwanda vilikuwa vinaongezeka mwaka baada ya mwaka. Palipo na kiwanda lazima pawe na lori, na palipo na lori lazima pawe na utingo. Guka alianzia hapo, juu ya magunia ya kahawa, akila vumbi kutoka mashamba ya Ruiru.

Kazi ya utingo ilikuwa shule yake. Alijifunza kufunga turubali hata upepo wa Athi River usilifungue. Alijifunza kugonga matairi kwa chuma na kusikiliza, kwa maana tairi lililojaa lina sauti yake na lililopungua lina yake. Alijifunza kulala chini ya trela bila kupoteza sikio moja. Alipopata leseni alipewa lori la kubeba mananasi kutoka shambani hadi kiwandani. Kiwanda cha kutia mananasi mikebeni kilianzishwa Thika mwaka 1948, na baada ya uhuru kikaingia mikononi mwa Del Monte. Mikebe ile ilikwenda Ulaya kwa meli, lakini kabla ya meli ilipanda lori au treni hadi Kilindini. Basi Guka naye akaijua njia ya Mombasa.

Katika miaka ya 1970 kiwanda cha kuunganisha magari kilijengwa hapo hapo Thika, kwa ubia wa serikali na kampuni ya Leyland ya Uingereza. Leo kinaitwa KVM. Guka aliniambia fahari aliyokuwa nayo alipokabidhiwa lori lililounganishwa mjini kwao, pengine na mikono ya watu aliosali nao Jumapili. Aliliendesha kwa heshima, kwa sababu alijua nani alikaza nati zake.

Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480. Siku hizo lori lenye mzigo lililala njiani, na dereva aliijua kila nyumba ya kunywa chai. Guka alipenda kuzungumzia vituo viwili. Cha kwanza ni Makindu, penye hekalu la Kalasinga lililojengwa mwaka 1926. Hapo msafiri yeyote hupewa chakula bure, awe wa dini yoyote na kabila lolote: chapati, dengu, wali na chai. Anachotakiwa ni kuvua viatu, kufunika kichwa na kuketi na wenzake. Guka, Mkristo wa kanisa la Presbiteri, alikula pale mara nyingi, na alisema kwamba pale ndipo alipoona watu wakimlisha mtu bila kumuuliza anatoka wapi. Kituo cha pili ni Mackinnon Road, lilipo kaburi la Seyyid Baghali kando ya reli. Madereva wengi hupunguza mwendo wakifika pale. Wengine husimama kuomba dua na kutoa sadaka. Guka naye alisimama. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mahali madereva wanaposimama kuombeana, yeye hawezi kupita kana kwamba hakuwaona.

Baadaye akapelekwa safari za Uganda, na huko akakutana na siasa. Mwaka 1976 Idi Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya kuwa ni ya Uganda. Mwezi Julai mwaka huo makomando wa Israel walivamia uwanja wa ndege wa Entebbe kuokoa mateka, na Kenya ikashukiwa kuwasaidia. Wakenya waliokuwa Uganda walilipa kwa damu, na dereva Mkenya aliyevuka Malaba aliaga nyumbani asijue kama atarudi. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Watu wengi wanajua mambo haya kama tarehe za vitabuni. Guka aliyajua kama foleni, kama mizigo iliyooza, na kama wenzake walioacha magari Uganda wakarudi kwa miguu.

Kisha ukaja ugonjwa. Kisa cha kwanza cha Ukimwi kilitambuliwa Kenya mwaka 1984, na ilipofika 1999 serikali ikautangaza kuwa janga la kitaifa. Madereva wa masafa marefu waliumizwa sana, na zaidi ya kuumizwa walilaumiwa, kana kwamba wao ndio walioubuni. Mtu aliyekaa majuma mbali na mkewe, analala mjini asikojulikana, amechoka, ana pesa kidogo mfukoni na hana wa kumshauri, alikuwa katika hatari kubwa, na wengi wa rika la Guka hawakurudi. Miongoni mwao alikuwa utingo wake wa miaka mingi. Aliacha mtoto mmoja wa kiume. Guka alimchukua akamlea na watoto wake, akamsomesha, na hakuwahi kumtambulisha kwa mtu kama yatima. Siku ya mazishi kijana yule, ambaye sasa ni baba wa watoto, ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu kwa niaba ya familia. Wengi waliokuwa pale hawakujua kwamba si mtoto wa kumzaa. Waswahili husema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mshahara wa Guka niliujua. Utajiri haukuwapo.

Sasa nirudi kwenye usukani, maana nimesema wema wake ulikuwa humo. Guka alikuwa na kanuni aliyowafunza madereva wote vijana: mlima uliopanda kwa gia fulani, uteremke kwa gia hiyo hiyo. Sababu yake ni rahisi. Lori lenye tani nyingi likiachiwa kuteremka gia ikiwa nyutro ili kuokoa dizeli, injini haisaidii tena kulizuia. Kazi yote huachiwa breki. Breki hupata moto, zikipata moto hulegea, na ukizikanyaga mara ya mwisho hukuti kitu. Hivyo ndivyo watu wengi walivyokufa kwenye miteremko ya Salgaa na kwingineko. Dizeli iliyookolewa ni lita chache, ambazo huuzwa kando ya njia. Guka alisema hajawahi kuuza hata lita moja, na wenzake wanathibitisha. Alifika amechelewa, akagombezwa na tajiri, lakini alifika, na waliokuwa mbele yake kwenye mteremko nao walifika, bila kujua nani aliwahurumia.

Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Guka alikuwa amekwisha kustaafu. Wiki ile alikwenda kwenye maegesho ya bodaboda pale Ruiru, akawakalisha vijana, akawaeleza jinsi mvuke wa mafuta unavyotambaa chini bila kuonekana, na jinsi cheche ya pikipiki inavyotosha. Hakuna aliyemtuma. Wapo walioniambia kwamba tangu siku hiyo, wakiona lori la mafuta limeanguka, wao hukimbia upande wa pili.

Kustaafu kwake ndiko kunakonipa uchungu, na lazima niseme. Kwa miaka mingi, hadi sheria mpya ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ilipoanza kutekelezwa mwaka 2023, mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200. Ndiyo akiba yote ya uzee ya mtu aliyebeba chakula cha nchi. Na hiyo ni kwa aliyekuwa na mwajiri mwaminifu. Guka alipochukua taarifa ya michango yake alikuta mapengo ya miezi mingi, ingawa karatasi zake za mshahara zilionyesha kwamba alikatwa. Tajiri yule alikuwa amekwisha kufunga kampuni. Guka alikwenda ofisini mara kadhaa, kisha akaacha. Alipotimiza umri aliandikishwa Inua Jamii, mpango wa serikali unaowapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, pesa ambazo mara nyingi huchelewa. Alishukuru kwa hizo. Mimi nasema hazikutosha, na nasema alistahili zaidi.

Maisha yake ya Ruiru yalikuwa ya mtu aliyeona dunia ikigeuka mbele ya macho yake. Mashamba aliyopakia kahawa ujanani, karibu na kituo cha utafiti kilichotoa aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11 mwaka 1985, mengi leo ni ploti na magorofa. Sensa ya 2019 ilihesabu karibu watu laki tano katika mji wa Ruiru, karibu maradufu ya Thika. Barabara kuu ya Thika iliyozinduliwa na Rais Kibaki Novemba 2012, karibu kilomita 50 na zaidi ya shilingi bilioni 30, ilipita mlangoni kwake. Aliipenda. Lakini alikuwa akisimama kwenye daraja la watembea kwa miguu, akiwashika mkono watoto wa shule, akiwaonyesha lori linalokuja na kuwaeleza linahitaji umbali gani ili lisimame. Aliwaambia, "Dereva anakuona, lakini gari halikuoni." Watoto wale ndio waliojaza kanisa siku ya mazishi.

Mwaka 2020, Korona ilipofunga mipaka, malori yalipanga foleni Malaba kwa kilomita nyingi. Madereva walilala kebini siku baada ya siku wakingoja majibu ya vipimo, na katika miji mingi watu waliwakwepa na kuwaita waletaji wa maradhi. Guka, akiwa na simu yake ya kitochi, aliwapigia vijana aliowafunza, mmoja baada ya mwingine, akiwauliza wamekula nini. Alijua lawama ile. Aliwahi kuisikia ikitajwa juu ya rika lake.

Wasikilizaji, tazameni nyumba mliyomo. Unga, sukari, saruji ya ukuta, mabati ya paa, dawa iliyo kabatini. Ni kweli treni ya kisasa inabeba makontena kutoka Mombasa hadi Nairobi, lakini treni haifiki dukani kwako. Kila kitu kimepitia mikononi mwa dereva, na sehemu kubwa kimefika usiku ukiwa umelala. Sisi humkumbuka dereva akikosea. Akiendesha vizuri maisha yake yote, hakuna habari. Ajali ambayo haikutokea haitangazwi, na mtu aliyeizuia hapewi nishani. Hukumu yangu ni kwamba Guka aliokoa watu wengi, hakuna ajuaye ni wangapi, na hao hawakupata nafasi ya kumshukuru.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Ninyi wenye malori, pelekeni michango ya wafanyakazi wenu. Pesa mliyokata si yenu. Msimharakishe dereva akiwa mteremkoni, kwani simu yenu moja inaweza kuua.

Ninyi madereva na utingo, teremkeni kwa gia mliyopandia, na msiondoke kabla ya kuokota mawe na matawi. Ni kazi ya dakika tano.

Na wewe msikilizaji, huenda mtaani kwako Makongeni, Kiganjo, Kihunguro au Githurai yuko mzee aliyeendesha malori. Mtembelee wiki hii. Mwombe akusimulie safari zake, na mtoto wako aketi asikilize. Kisha muulize kama amepata haki yake yote, na kama hajapata, chukueni kitambulisho chake na karatasi zake za zamani, mwende naye hadi ofisi ya NSSF mkadai taarifa ya michango. Mzee peke yake huchoka kwa kuzungushwa. Akiwa na kijana kando yake, huenda akasikilizwa.

 Mliomo safarini, mfike salama.